Kitita Kinapobanwa Kiuno

Saa nne ya usiku, Pongwe.
Ghala hili lilikuwa la marobota ya katani;
sasa lina bomba la chuma lililonyonywa hewa yote,
na humo elektroni zinapita
bila hata kutikisa vumbi la mkonge lililobaki darini.

Shekiondo ameshika kirungu cha umeme.
"Ampea tatu," namwambia.
Kwenye kioo cha fosforasi linatokea doa la kijani,
nono, kama punje ya kunde.
Kamera inalipiga. Naandika upana.
"Tatu na nusu."
Doa linasinyaa mbavu, linarefuka wima:
ndivyo ilivyo sumaku ya ncha nne,
haikupi huku bila kukunyang'anya kule.
"Nne." Limekuwa uzi.
"Nne na nusu." Linaanza kunenepa tena.

Mgeni angeuona ule uzi akapiga makofi,
mwale mwembamba, tufunge twende tukale.
Lakini wembamba ni nusu ya habari.
Nusu ya pili ni pembe:
kila elektroni, ikipita pale penye kiuno,
imeelekeza uso wapi?
Zidisha upana wa kiuno kwa mtawanyo wa pembe
utapata kitu ambacho hatujakipa jina la nyumbani;
daftarini tunaandika emitansi,
na sumaku, uipange utakavyo, haikipunguzi.

Nilikijua kabla sijakisomea.
Mama yangu, Mwanamvua binti Saguti,
alifanya kazi ya brashi Ngomeni miaka kumi na tisa.
Siku moja, nina miaka saba, nilidaka kitita cha singa
nikakikaba katikati kwa mikono miwili:
tazama, nimekifanya chembamba!
Akanigeuza nitazame ncha.
Zilikuwa zimefumuka kila upande.
"Hujapunguza kitu," alisema. "Umehamisha tu.
Fujo ya singa inaondolewa na chanuo, si kamba."

Sumaku zetu ni kamba.
Wenye mitambo ya duara, ya kilomita na kilomita,
wana namna zao za kuchana.
Sisi tuna mita kumi na moja na feni mbili.

Saa sita, nukta kumi na tatu zimejipanga
mfano wa bakuli. Nikapitisha parabola.
Jibu likatoka: karibu mara tatu ya lile la michoro.
"Kioo kinavimbisha doa," akasema Shekiondo.
Basi tukashusha waya wa tungsteni,
mwembamba kuliko unywele,
tukaukatisha mwale polepole, hatua kwa hatua,
tukihesabu kila mshtuko.
Jibu lilelile, au ndugu yake wa karibu.

Nikampigia mama, Barabara ya Kumi na Tano.
Si kutaka ushauri; nilijua tu kwamba yu macho,
kifua chake hakimwachi alale tangu enzi za brashi.
Nikamweleza hivi na hivi.
Akakohoa mpaka nikadhani simu imekatika.
"Na korona yenu mmeitazama?
Singa ikitoka korona imevurugika,
watu wa brashi hulaumiwa bure."

Tulifungua chanzo asubuhi.
Katodi ilikuwa imekaa upande,
kwa unene wa karatasi ya daftari, si zaidi.
Karatasi moja! Na sisi usiku kucha tunalaumu kioo.

Siku tatu tukavuta hewa upya.
Siku ya nne nikapima: moja nukta mbili,
jumlisha au toa nukta mbili.
"Andika moja," Shekiondo akanong'ona, "wageni wanakuja Jumatatu."
Nikaandika yote, pamoja na ile jumlisha-au-toa,
maana hapo ndipo zilipo singa nisizozijua.

Mama hajauliza tulikuta nini.
Nilipompelekea dawa ya kifua
aliuliza tu kama ghalani bado kunanuka katani.
Kunanuka, nikamwambia. Mvua ikinyesha.