Trei ya Ishirini na Tisa

Mtoto alining'inia kwenye mzani
kama kibuyu kwenye boriti,
miguu ndani ya kaptula ya turubai
iliyovaliwa na watoto wote wa Handali kabla yake.
Alilia. Mshale ukatikisika, ukarudi palepale
ulipokaa mwezi uliopita.

Nesi Ndalu akaweka nukta kwenye kadi,
akaiunganisha na mwenzake kwa rula.
Mstari ulilala
kama barabara ya Bahi, hauna hata kilima.
Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Aliuliza tu: "Baba Nyemo, uji wake una nini?"

Una uwele.
"Na nini?"
Una maji.
"Na nini?"
Nyuma yangu akina mama wakaacha kuongea.
Una sukari, nikasema, siku za mnada.

"Ana miezi tisa. Tumbo lake ni kama ngumi yake.
Ukilijaza maji limejaa, lakini hujalilisha.
Uji ukae kwenye kijiko, usikimbie.
Kidogo, kizito, mara nyingi.
Na ziwa la mama lisimkome."

Mimi ni mtu wa kuku.
Kila Alhamisi kijana wa pikipiki
huja kutoka mjini, hufunga trei mbili kwa mpira,
mayai yangu yakaenda Kisasa, yakaenda Area D,
kwa watoto wa watu wenye mageti.
Karanga zangu nazo zina safari yao.
Maziwa ya mbuzi huishia mgahawani,
kwenye chai ya madereva wa malori.
Nami hurudi na pakiti ya biskuti,
na soda nyekundu,
najiita baba anayejali.

Jioni ile Sechelela alikuwa bado kwenye foleni ya maji.
Nilikaanga karanga, nikazitwanga mwenyewe
mpaka zikatoa mafuta, zikashikana na mchi.
Nikachemsha kipande cha boga.
Kisha nikashika yai, nikalizungusha mkononi.
Shilingi mia nne, mkono ukasema.
Nikalitumbukiza kabla haujasema tena.

Mama yangu akatoka ndani kwa harufu.
"Yai? Mtoto hajaota hata meno ya juu!
Atakuwa bubu, mimi simo.
Wewe nilikulea bila yai hata moja."
Ni kweli, mama.
Na ni wewe uliyekuwa ukiwasimulia majirani
kwamba nilitimiza miaka mitatu sijasema neno.
Akavuta kigoda. Hakujibu. Alikaa kuangalia.

Kijiko cha kwanza Nyemo alikitema kwenye shati langu.
Cha pili akakisukuma kwa ulimi, polepole,
kama mtu anayerudisha chenji isiyo yake.
Nikafuta. Nikangoja.
Sijawahi kungoja kitu hivyo, hata mvua.
Cha tatu kilibaki shavuni muda mrefu,
tukatazamana, yeye na mimi na bibi yake,
kisha koo dogo likapanda, likashuka.

Alhamisi kijana akahesabu mara mbili.
"Mzee, hapa pana shimo."
Naliona.
"Limevunjika?"
Limeliwa.
Akacheka, akakata hela yake.
"Na wiki ijayo?"
Wiki ijayo usije na hesabu ya thelathini.

Mwezi ujao kadi itasema yake,
siwezi kuisemea.
Bibi bado amekaa mlangoni,
macho kwenye mdomo wa mjukuu,
anangoja ububu uingie.
Nyemo, kidevu chote njano,
anampigia kelele zisizo na maana,
ndefu, za juu, hazina kituo,
na tetea mwekundu anapita katikati yao
kama mtu aliyekuja kudai deni
akakuta nyumba ina wageni.