Meli Iliyotua Uwanjani

Saa tisa kasoro usiku, Ghuba ya Ufini,
meli Aurelija, yenye tani elfu tisa za karatasi,
ilipanda nchi kavu.

Haikugonga mwamba. Haikumwaga hata chai.
Ilitoweka tu majini, pale kwenye skrini,
ikaibuka kilomita sabini bara,
katikati ya uwanja wa ndege,
mwendo sufuri, omo imeelekea mnara wa marubani.

Rodelio Magbanua, ofisa wa pili, mzaliwa wa Iloilo,
akatazama skrini, akatazama dirisha.
Dirishani: giza, theluji nyepesi,
noti kumi na mbili anazozihisi magotini.
Kwenye skrini: lami.

Kwetu husemwa lisemwalo lipo.
Wahenga hawakukesha zamu kwenye ghuba hii,
ambako mtu fulani, hatujui nani, hatujui ana kisa gani,
ameketi mahali pakavu penye joto
akizipigia kelele setilaiti mpaka zisisikike,
na kila chombo kinamwitikia yeye: labeka.

Kengele zikalia zote kwa mkupuo.
Usukani wa kujiendesha ukaanza kupinda,
ukitaka kuirudisha meli baharini.
Rodelio akaukata. Akamwita Osvaldas aushike kwa mkono.
Nahodha Gudaitis akapanda na kandambili,
vifungo vya shati vimekosana,
wala hakuuliza tuko wapi.
Aliuliza: "Kwa macho, unaona nini?"

Taa. Kushoto. Inapepesa na kunyamaza.
Rodelio akaihesabu kwa lugha ya mama yake,
isa, duwa, tatlo,
akatoka nje kwenye barafu, akafunua dira ya pembeni;
chini ya kifuniko palikuwa na ganda la peremende
la baharia aliyekwisha kustaafu.

Tani elfu tisa za karatasi shehenani
na chumba cha usukani hakina ramani ya karatasi hata moja.
Wakachora nyuma ya orodha ya vyakula.
Mwelekeo wa taa, mstari. Umbali wa rada, tao.
Vikakutana upande wa pili wa Jumanne, supu ya kabichi.
"Hapa," akasema nahodha, akakibonyeza kidole
kana kwamba meli ingeteleza.

Alfajiri skrini ikajirudi yenyewe, bila kuomba radhi.

Ikaja barua pepe ya ofisi, kutoka Hamburg:
eleza kwa nini meli ilisimama dakika sabini bila idhini.
Chini yake nyingine: nenosiri lako limeisha muda, bonyeza hapa.
Nembo sawa, sahihi sawa,
ila katika jina la kampuni herufi moja
imevaa nguo ya mwenzake.
Akaifuta. Mkono ulimtetemeka kuliko usiku.

Kisha simu ikalia, namba ngeni:
Mpenzi, simu yangu imeibiwa.
Tuma ada ya mtoto kwa namba hii.

Akaikodolea macho kama alivyoukodolea uwanja wa ndege.
Hakuandika mpenzi. Aliandika:
Nani alidonolewa na bata siku ya harusi yetu?

Injini ikanguruma. Kahawa ikapoa.
Vidoti vitatu vikawaka, vikazima, vikawaka;
akajikuta anavihesabu.

Si bata, bata mzinga.
Na alidonolewa mjomba wako Teban,
ambaye mpaka leo hajatulipa.
Tuma kabla ya Ijumaa.