Taa ya Kushoto

Miaka tisa gari la Mama lilikuwa banda la kuku.
Pijo nne-sifuri-nne, jeupe enzi zake,
leo rangi ya chai iliyopoa ikashika utando,
limekaa juu ya matofali nyuma ya jiko letu, Pasua,
na tetea mmoja mwekundu bado hajakubali kuhama:
kila asubuhi hutaga kiti cha nyuma,
kila asubuhi namwondoa, ananidonoa,
nabaki na yai moja, kodi ya pango.

Nimeandika kila kitu kwenye daftari la darasani.
Januari: nimeng'oa zulia. Chini yake kutu,
chini ya kutu, nyasi.
Februari: hakuna. Ada za watoto.
Machi: Mbonea wa Kiboriloni kachomelea sakafu,
akasema, "Mwalimu, hii siyo bodi, ni chujio,"
akadai elfu themanini, akapokea hamsini na mkungu wa ndizi.
Aprili mvua. Nililifunika turubai, nikasikiliza.
Mei: karabureta imelala siku nne ndani ya mafuta ya taa
kwenye sufuria ambayo Aikande bado anaitafuta.
(Msomaji wa daftari hili, kama si mke wangu, anisitiri.)

Spea zina safari zake.
Pampu ya maji ilivuka Holili ndani ya gunia la vitunguu.
Mpira wa kioo nimeuchonga kwenye kandambili.
Na boliti moja ilinishinda wiki mbili:
niliibembeleza kwa oili, nikaitukana kwa Kichagga,
nikaipasha moto, nikaisusa,
nikairudia usiku, tochi mdomoni.
Ilipolegea haikutoa hata sauti.
Nikakaa vumbini nimeishika
kama jino la kwanza la mtoto.

Chini ya kiti cha dereva nilikuta kitabu cha simu
(Mama ni mfupi, alikikalia ili aone barabara),
risiti ya petroli, lita kumi, wino umekimbia,
na pipi moja ya kifua, bado ndani ya karatasi yake.
Nikampelekea kama mtu anayepeleka hazina.
Akaifungua. Akaila.

Yeye haji kutazama. Hukaa jikoni akichambua choroko,
masikio yako huku.
Nikifunga mlango: "Haujashika huo. Unyanyue kwanza, ndipo upige."
Nikiunyanyua, unashika.
Miguu yake imesahau ngazi, imesahau njia ya sokoni,
lakini taja klachi tu
uone kidole gumba cha kushoto kinavyobonyea ndani ya ndala.

Jana usiku umeme ulikatika mtaa mzima.
Nikabana waya wa mwisho kwa pini ya nguo,
nikagusa betri.
Taa ya kushoto ikawaka.
Si kwa nguvu. Manjano, kama kiini cha yai la yule tetea,
ikamulika ukuta, kamba ya nguo, shati langu la kazini,
paka wa jirani aliyesita, mguu mmoja hewani.
Nikaita jina la kila mtu ndani ya nyumba.

Mama akatoka akishika ukuta,
akasimama katikati ya mwanga ule, kanga begani,
na kivuli chake kikapanda hadi paa la jirani,
kirefu kwa mara ya kwanza.
Akaitazama taa. Akatazama tundu tupu la upande wa pili.

"Na ya kulia?"

Daftari, Jumatano: ya kulia.