Saa Nne, Jabal Shams

Usiku imeanguka theluji. Sentimita nne,
nimeipima kwa rula ya shule ya mwanangu Rayyan
kwenye boneti ya gari, kwenye mfuniko wa tangi la maji,
kwenye mgongo wa mbuzi mmoja aliyekataa kusogea.
Sentimita nne si kitu, utasema.
Subiri saa nne.

Kabla ya saa nne mlima umefumba mdomo.
Maji yaliyopenya jana kwenye nyufa
yamelala humo, yamekauka kuwa barafu, yamevimba,
yanasukuma jiwe kama gego la mwisho linavyosukuma ufizi.
Barafu ndiyo kabari, na barafu hiyo hiyo ndiyo gundi:
inapasua, kisha inakishikilia ilichokipasua.
Jua likigusa ukuta wa Wadi Nakhr
gundi inaachia.

Basi nafunga kamba pale njia inapobaki
upana wa msala,
kulia mwamba, kushoto hewa.

Wamepanda kutoka Maskati tangu alfajiri,
makoti juu ya kanzu, watoto wanalamba viganja.
Mtu anachota theluji kwa sufuria ya pilau
anajaza nyuma ya pikapu, ampelekee mkwewe Barka.
Furaha yao siikatazi. Nakataza njia.

"Nimekaa Uswisi miaka miwili," ananiambia Haitham,
miwani yake ya jua ina mlima mzima ndani.
"Hii nayo mnaiita theluji?"
Namwambia: kule huanguka theluji.
Huku huanguka kitanda ilichokilalia.
Akacheka,
akainua kamba kwa kidole kimoja.

Kwanza vichangarawe, kama mtu anapepeta mchele juu yetu.
Njiwa wawili wakaruka bila sababu.
Halafu tak,
dogo tu, kama swichi ya taa,
na jiwe kubwa kama jokofu likapita mbele yetu bila kelele
likaendelea kupita.
Tulihesabu. Tano. Sita. Saba.
Ndipo bonde likajibu.

Haitham bado ameshika kamba.
Akaishusha taratibu,
kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Jioni nimeshuka Al-Hamra na chupa ya chai
niliyoijaza theluji ya bibi yangu Zuwena,
mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja,
ambaye miaka hamsini ya hapa haijamfundisha neno theluji.
Kwake yote ni barafu,
na barafu ni ile ya ubuyu, ya kufyonza kwenye mfuko
mpaka ulimi uwe mwekundu.

Ilikuwa imeshakuwa maji.
Akamimina kwenye kikombe cha kahawa, akanywa, akakunja uso:
"Haina sukari."
Kisha akatia kidole mdomoni,
akatoa chembe ya jiwe, ya kijivu,
ndogo kuliko punje ya hiliki,
akaitazama kidogo kwenye mwanga
akaiweka ukingoni mwa sahani
pamoja na kokwa za tende.