Ukurasa wa Sita

Lutonja alitoa riwaya moja ya kuchekesha,
nakala mia tatu; mia mbili na sitini
zilibaki chini ya kitanda, Igogo,
zikiinua godoro upande wa mkewe.

Gazetini alilipwa kwa safu.
Safu ikikatwa kupisha tangazo la mabati,
alilipwa bati.
Hilo alilisema yeye. Mhasibu hakucheka.

Aliwaandika korongo wa Mwaloni,
wanavyotembea mikono nyuma
kama maafisa waliokuja kukagua dagaa
wakaondoka na dagaa.
Diwani alijitambua, akapiga simu.
"Mimi nimeandika ndege," akajibiwa,
"wewe umesoma nini?"

Jumamosi alipita Makoroboi kwa makusudi
kumchungulia Nyanjige, aliyefungia maandazi gazeti.
Nyanjige alisoma kwanza, midomo ikitembea,
akacheka peke yake,
kisha akaikunja safu, akamkabidhi mteja
ikiwa tayari na mafuta.
"Huyo ndiye mhariri wangu," Lutonja aliniambia.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wake.
Makala ya mwisho niliipokea Bugando, wodini,
imeandikwa nyuma ya cheti cha dawa:
"Tunasikitika kuwatangazia kuwa marehemu
amechelewa tena kuleta makala."

Niliipiga vilevile, sikugusa nukta.

Msibani, wa kwanza kucheka
alikuwa mhasibu.