Umeamkaje?

Saa saba na robo umeme ukakatika Ahero.
Vinu vikashusha pumzi, pumba zikaanza kutua
mabegani mwa watu waliopanga foleni.
Nikailaza kompyuta kabla betri haijalia,
nikaifunika kitambaa, kama mtoto wa jirani
uliyeachiwa kwa nusu saa.

Umeme uliporudi niligusa kibonye. Ikaamka.
Picha ile ile, jedwali lile lile,
mstari wa mia mbili na kumi na mbili:
Syprose Adoyo, magunia sita, unyevu asilimia kumi na nne.
Mshale ukapepesa.
Nikatuma. Hakuna kilichokwenda.

Kwetu mtu akiamka huulizwa ameamkaje,
na asiyejibu hajaamka, amefumbua macho tu.
Oyawore, nikaiambia.
Nikainama nyuma ya meza: tundu la waya giza,
taa ya kijani imezimika kama jiko la jana.

Dalmas akasema ni panya.
Kwa Dalmas kila kitu ni panya:
mpunga ukipungua, panya; mshahara ukichelewa, panya.
Akapanda darini na tochi mdomoni,
akaufuata waya futi kwa futi,
akashuka na utando wa buibui kwenye nyusi,
na panya hana.
Tukauchomeka waya ule ule kwenye mashine ya meneja.
Ukafanya kazi. Basi waya hauna kesi.

"Izime, uiwashe," akasema Rosbela kutoka dirisha la mizani.
Dawa hiyo naijua, nimeitumia siku kumi na tisa.
Inaponya, ndiyo,
kama kubomoa nyumba na kuijenga upya
kwa sababu mlango umekwama.
Na foleni inasubiri, na jua la Kano halina adabu.

Jioni nikabaki. Vyura wa mashambani wakafungua kikao.
Nikafungua kumbukumbu za mfumo, zile Linux huandika
bila kuombwa, sekunde kwa sekunde,
kama jirani mwenye kinyongo.
Saa saba na dakika kumi na saba: kiungo kimekatika.
Nikashuka, nikashuka.
Hakuna mahali palipoandikwa kimerudi.

Kumbe kadi iliamka. Kiini kiliamka.
Aliyebaki usingizini ni kiendeshi,
mkalimani anayeketi kati yao,
jina lake herufi moja na tarakimu nne: r8169.
Nikamtoa nje. Nikahesabu hadi tatu. Nikamrudisha.
Nyuma ya meza, kijani.

Nilicheka peke yangu
hadi askari wa zamu akanimulika dirishani.

Kisha nikaandika hati ndogo, mistari saba,
ya kumtoa na kumrudisha kila tukitoka usingizini,
nikaiweka katika folda ambayo mfumo huipitia ukiamka.
Nikailaza mashine, nikaiamsha. Giza.
Hati nimeiandika, ruhusa ya kutenda sikuipa:
ilisimama pale kama kibarua aliyeitwa kazini
akakuta geti limefungwa.
Nikaipa. Nikalaza, nikaamsha. Kijani.
Nikarudia mara tano, maana moja ni bahati.

Kwa nini kiendeshi husahau, sijui.
Aliyekiandika yuko mbali, naye pengine hulala vizuri.
Nilichofanya ni kiraka, na kiraka nakiita kiraka.

Leo saa nne umeme umekatika tena, ukarudi.
Niligusa kibonye, nikainama kabla picha haijajaa.
Moja. Mbili.
Syprose ameegemea dirisha, pumba kwenye kope:
"Zangu zimeenda?"
"Zimeenda."
Hakunitazama mimi, alitazama simu yake,
hadi ujumbe ulipoingia.

Na ile taa nyingine, ya rangi ya chungwa,
inapepesa ipendavyo.
Dalmas anasema ni panya.