Kasisi wa Chumvi

Radomir alitugawia karatasi tupu, moja moja,
na penseli zilizotafunwa na mwanawe.
Nje, Bochnia ilikuwa imezama thelujini hadi magotini;
jikoni birika lilinung'unika, na Gniewko
alikwishapiga hesabu kabla sijavua koti.

"Nguvu kumi na sita," akaniambia. "Chukua mpiganaji.
Shoka la mikono miwili, ngao achana nayo.
Ukifika ngazi ya tano utaua mara mbili kwa pumzi moja."
Hujenga wahusika kama fundi wa mabomba:
hakuna tone linalopotea, hakuna kona isiyo na sababu.
Mashujaa wake wote hushinda. Majina yao siyakumbuki.

Mimi nilianza na neno. Chumvi.
Sikujua bado kama ni mume au mke,
kama ana upanga au ana dua.
Nilijua tu kwamba ametoka chini,
kwenye yale mahandaki aliyoshuka baba miaka ishirini na miwili,
akirudi na kope nyeupe, midomo imepasuka;
sasa hushuka watalii, na hulamba kuta
wakidhani hakuna anayewaona.

Basi: kibeti, kwa kuwa dari ni fupi.
Mwanamke, kwa kuwa mama hakushuka hata siku moja.
Umri, miaka mia mbili na tisa: amekula chumvi nyingi,
na hapa sisemi kwa mafumbo.
Silaha, sururu. Gniewko akafumba macho kama aliyeumwa jino.
Jina, Solka.
Fani ndiyo iliyonikalisha hadi chai ikapoa.
Mpiganaji angeivunja chumvi. Mchawi angeieleza.
Mwizi angeiuza, na mwizi tulikuwa naye tayari:
Ukucha wa Bronka, vidole vyepesi, deni katika kila mji.
Malenga, naye, kazi yake ni kutia chumvi,
ila si hii.
Nikaandika: kasisi.
Chumvi haiui. Chumvi hukikataza kitu kuoza.

Ngazi ya tatu ilikuja na dua mpya.
Ingeweza kuwa nuru inayokata kama panga.
Nikachagua ile ya kuhifadhi maiti:
siku kumi mfu haharibiki,
na siku hizo hazihesabiwi dhidi yake.
"Nani huchagua hiyo?" Gniewko aliliuliza jokofu, si mimi.

Machi, Bronka akapata kazi Rotterdam, ghala la maua.
Usiku wake wa mwisho dadu la pande ishirini likamwonyesha moja,
na Ukucha akaanguka ukingoni mwa mto, mshale shingoni,
hekalu la kufufua likiwa mbali, na ada yake mbali zaidi.
Bronka alicheka, kisha hakucheka.
Akaiacha karatasi yake mezani chini ya kikombe,
akawahi basi la saa tano.

Zamu ilikuwa yangu.
Solka akapiga magoti, akafungua kifuko,
akamnyunyizia macho, kifua, vile vidole.
Siku kumi.

Tangu hapo, kabla ya pango, kabla ya joka,
hutoa dua moja kati ya chache nilizo nazo,
tukaingia vitani na upungufu. Tumewahi kukimbia kwa ajili hiyo.
Tumepoteza punda, na daraja moja la kamba.
Ukucha tunamburura kigarini, amefunikwa turubai,
kama mtu aliyelala baada ya zamu ya usiku.
Bronka hutuma picha za maua. Haulizi.

Alhamisi iliyopita nilisahau. Homa, au uchovu, sijui.
Radomir alikwishakunjua ramani.
Aliyeinua mkono ni Gniewko.
Akanisukumia daftari lake, lile la hesabu:
safu juu ya safu za vijistari vya penseli, tangu Machi,
na safu ya mwisho ina tisa.
"Leo ya kumi," akasema, akitazama dirisha.
"Usiipitishe."

Nikafungua kifuko.